Ukoo Usiotajwa: Watalai, Hofu na Siri za Jamaa katika Nchi ya Wakipsigis

1. Utangulizi

Msafiri atokaye mjini Kericho kuelekea Kisumu hupita Kapsoit, kituo cha biashara kilichozungukwa na mashamba madogo ya chai. Hapo njia hugawanyika. Moja huendelea Kisumu. Ya pili huteremka hadi Sondu, na kutoka Sondu mtu aweza kufika Nyanza ya Kusini, na hatimaye Gwassi, penye vilima na ufuko wa Ziwa Viktoria. Kwa mgeni, hilo ni jambo la ramani tu. Kwa baadhi ya jamaa za nchi hii, huko ndiko walikopelekwa mababu zao kwa amri ya serikali, na jina la Gwassi limekuwa la kutajwa kwa sauti ya chini.

Makala haya yanahusu ukoo wa Talai miongoni mwa Wakipsigis. Ni ukoo ambamo walitoka orgoiik, watu waliosadikiwa kuwa na uwezo wa kuona mambo ya mbele, kubariki na kulaani. Habari za viongozi wa ukoo huo zimeandikwa mara nyingi, hasa upande wa Wanandi, ambako Koitalel arap Samoei anakumbukwa kama shujaa aliyepinga Waingereza. Lakini wengi wa Watalai hawakuwa viongozi wala mashujaa. Walikuwa mama wenye watoto, vijana wa kuchunga mifugo, wazee wasiopata kumtabiria mtu yeyote neno lolote. Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi hofu ya watu kuhusu wachache ilivyogeuzwa sheria juu ya wote, na jinsi sheria hiyo ilivyoingia nyumbani na kuwa siri.

2. Tatizo la Istilahi

Kabla ya kuendelea, yafaa tuyaangalie majina yenyewe, kwa kuwa katika habari hii jina peke yake limetosha kumtia mtu matatani.

Katika lugha ya Wakipsigis na Wanandi, orgoiyot (wingi, orgoiik) si mtu yeyote mwenye maarifa ya siri. Lugha hiyo ina neno jingine kwa mjuzi wa dawa na maradhi, naye ni chepsogeiyot. Na ina neno la tatu kwa mtu adhuruye wenzake kwa siri, naye ni ponindet. Wa pili huendewa mchana. Wa tatu huchukiwa na kufukuzwa. Orgoiyot alisimama mahali pake peke yake: alishauriwa na wakuu wa vita kabla ya safari ya kuteka ng'ombe, akapewa fungu lake waliporudi, na maneno yake yakachukuliwa na wajumbe walioitwa maotik. Aliheshimiwa na kuogopwa kwa wakati mmoja.

Kiswahili nacho kina uwezo wa kutofautisha mambo hayo. Mganga si mchawi. Mpiga ramli si nabii. Lakini maofisa wa Kiingereza hawakuyatumia maneno ya Kikipsigis wala ya Kiswahili kwa uangalifu. Walichukua neno la Kimaasai, oloiboni, wakalifupisha kuwa Laibon, wakalitumia kwa Wamaasai, Wanandi na Wakipsigis bila kubagua. Upotoshaji wa kwanza ulikuwa huo wa kuchanganya jamii mbalimbali. Wa pili ulikuwa mbaya zaidi: Laibon, ambalo lilikuwa jina la cheo, likafanywa jina la ukoo mzima. Mtu hakuitwa Laibon kwa kuwa ametabiri. Aliitwa Laibon kwa kuwa amezaliwa Talai. Hivyo mtoto mchanga aliyekuwa bado anyonya akawa Laibon katika vitabu vya serikali.

3. Asili ya Hofu

Haitakuwa haki kudai kwamba hofu ya Watalai ililetwa na wageni. Ilikuwapo kabla yao, na tukio la mwaka 1890 latosha kuthibitisha. Mwaka huo Wanandi walimwua kwa marungu orgoiyot wao, Kimnyole arap Turukat. Walimlaumu kwa kuibariki safari ya vita iliyoishia kwa vifo vya vijana wengi, na kwa maradhi na njaa zilizoipata nchi. Masimulizi yanasema kwamba kabla ya kufa alitabiri kuja kwa watu weupe, na kuja kwa nyoka wa chuma atakayetema moto na moshi, akitoka ziwa la mashariki kwenda kunywa maji ya ziwa la magharibi.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Yeyote awaye, aliyesikia utabiri ule na kisha akaiona treni, alikuwa na sababu ya kutetemeka. Kwa mtu wa kawaida mauaji ya Kimnyole yaliacha fumbo zito: ikiwa maneno ya marehemu yametimia, je, waliomwua walimwua bure? Na kama damu yake ilimwagwa bure, ni nani atakayeilipa? Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapa lililosemwa lilikuja kweli, au ndivyo watu walivyolielewa, na tangu hapo neno la Mtalai likawa zito kuliko lilivyokuwa wakati wa uhai wa Kimnyole.

Wanawe wawili, Koitalel arap Samoei na Kipchomber arap Koilegen, waligombea urithi wa baba yao. Koitalel alishinda akabaki Nandi. Kipchomber alikimbilia kwa Wakipsigis, akapokewa, akawa orgoiyot wao. Kwa hiyo Wakipsigis hawakuwa na mazoea ya vizazi vingi na mamlaka hayo. Waliyapokea karibu wakati mmoja na kuja kwa Waingereza. Jambo hili lina uzito katika hoja yetu. Watalai walikuwa bado wageni kwa kiasi fulani, na mgeni mwenye uwezo usioonekana ni mtu wa kukaribishwa kwa mkono mmoja, na wa pili ukiwa nyuma.

Tarehe 19 Oktoba 1905 ofisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen alimwua Koitalel kwa risasi katika mkutano uliosemekana kuwa wa kutafuta amani. Wazao wake wanashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Mwaka 2006 fimbo zake zilirudishwa Kenya kutoka kwa jamaa ya Meinertzhagen, fuvu halikurudi. Katika jamii inayosadiki kwamba roho za wazee hurejea kwa watoto wao, mwili usio kamili si suala la makumbusho. Ni jambo ambalo jamaa hulala nalo na kuamka nalo.

4. Sheria ya 1934

Upande wa Wakipsigis, serikali ilianza kwa kuwaondoa wakubwa. Mwaka 1914 Kipchomber na ndugu zake wawili walipelekwa uhamishoni, na Kipchomber akafia huko. Upande wa Nandi, mwaka 1923, Barserion arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa kwa shutuma za kupanga maasi. Sehemu kubwa ya maisha yake hadi 1964 ilipita katika vizuizi.

Wakati huohuo nchi yenyewe ilikuwa ikibadilika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ardhi ya Kericho iligawiwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Mradi huo ulishindwa, na katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia. Wakipsigis walipoteza malisho na wakabanwa katika hifadhi yao. Wizi wa mifugo kutoka mashamba ya walowezi uliongezeka. Mtu mwenye macho angeliona uhusiano kati ya ardhi iliyochukuliwa na ng'ombe walioibwa. Maofisa waliona jambo jingine: waliona mkono wa Laibon. Kwa maoni yao, kijana wa Kipsigis hakuiba kwa sababu ya uhitaji au hasira au desturi ya kuteka. Aliiba kwa kuwa orgoiyot alimtuma, akambariki, na akapokea fungu lake.

Ndipo ilipotungwa, mwaka 1934, Sheria ya Kuwaondoa Walaibon. Serikali ilijipa mamlaka ya kuwahamisha Watalai pamoja na jamaa zao na kuwaweka mahali pamoja, wasitoke bila ruhusa. Mahali palipochaguliwa palikuwa Gwassi. Watu wapatao 700, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, waliondolewa katika nchi ya Wakipsigis katika miaka iliyofuata.

Hapa pana mgongano wa fikira unaostahili kuangaliwa. Koloni ya Kenya ilikuwa na sheria ya uchawi ya mwaka 1925, iliyomwadhibu mtu kwa tendo alilolifanya au alilojidai kulifanya. Kwa sheria hiyo shahidi alihitajika, na mshtakiwa aliweza kuachiliwa. Sheria ya 1934 haikuhitaji tendo. Ilitosha kuzaliwa. Watawala waliojigamba kwamba wamekuja kuondoa ushirikina waliandika sheria yenye msingi uleule wa imani waliyoidharau: kwamba uwezo wa kudhuru hurithiwa katika damu, na kwamba mtoto wa Mtalai ni hatari kabla hajaanza kusema. Mkipsigis aliyemwogopa orgoiyot alimwogopa mtu fulani kwa sababu fulani, na alijua namna ya kumkwepa, kumtuliza au, kama ilivyotokea kwa Kimnyole, kumwua. Serikali iliogopa ukoo mzima, na dawa ya hofu yake ilikuwa malori na askari.

Hapana budi kukiri kwamba si kila Mkipsigis aliyesikitika. Wapo waliochoka kutoa ng'ombe kwa hofu ya laana, na kuondoka kwa Watalai kulikuwa kwao kama kutua mzigo. Lakini hata hao walijifunza jambo jipya siku ile: kwamba jirani aweza kuondolewa na watoto wake wote kwa sababu ya jina la ukoo. Somo hilo halikusahauliwa.

5. Gwassi

Gwassi ya wakati ule ilikuwa nchi ya mbung'o na malaria. Watu waliotoka nyanda za juu zenye baridi, ambako mbu ni wachache, walishushwa kwenye joto la ziwani bila kinga yoyote mwilini. Ng'ombe walikufa. Watoto walikufa. Masimulizi ya waliosalia yanarudia mara kwa mara habari za mimba zilizoharibika na za makaburi madogo. Kwa jamii ya wafugaji, kufa kwa ng'ombe kulikuwa na maana zaidi ya njaa: bila ng'ombe hapakuwa na mahari, na bila mahari kijana hakuweza kuoa kwa heshima.

Swali la nani atamwoa nani lilikuwa gumu kwa sababu nyingine pia. Miongoni mwa Wakipsigis, mtu haruhusiwi kuoa ndani ya ukoo wake, yaani oret yake. Watu wa ukoo mmoja waliofungiwa mahali pamoja walikuwa katika hali ambayo desturi zao wenyewe hazikuitazamia. Msichana aliyekuwa tayari kuolewa alizungukwa na kaka zake. Wachumba walitakiwa kutoka mbali, na mbali palizuiwa. Adhabu ya uhamisho haikuishia katika ardhi na mifugo. Ilifika hadi katika uwezekano wa jamaa kuendelea.

Kadhalika lugha iliingia hatarini. Mtoto aliyezaliwa Gwassi mwaka 1937 alikuwa na umri wa miaka 25 mwaka 1962, Watalai waliobaki huko waliporudishwa Kericho kabla ya Uhuru. Kote kumzunguka alisikia Kiluo na Kisuba. Alirudi katika nchi aliyoambiwa ni yake, lakini hakuwa ameiona. Tena hakukuta shamba likimngojea. Mahali walipokaa wazazi wake palikuwa na wenyewe wengine. Wengi walijibanza kando ya mji wa Kericho, mwendo mfupi kutoka Kapsoit, wakiishi kwa vibarua huku chai ikistawi pande zote.

6. Siri Nyumbani

Baada ya kurudi, jamaa nyingi zilikuwa na uamuzi wa kufanya: kusema au kutosema. Kunyamaza kulikuwa na faida dhahiri. Aliyenyamaza aliweza kupata kazi, kupanga chumba, kununua kipande cha ardhi na kuposa bila kuulizwa mengi. Lakini desturi za Wakipsigis hazikuumbwa kwa ajili ya kuficha ukoo, na kuna mahali patatu ambapo siri hii hupata shida.

Mahali pa kwanza ni posa. Wazee wa pande mbili wakutanapo, swali la oret haliepukiki, kwa kuwa ndilo linalozuia ndugu kuoana. Mwenye kuficha ana njia mbili. Aweza kutaja ukoo wa jirani aliyempokea, na hapo amesema uongo ambao vizazi vyake vitaubeba. Au aweza kusema kweli, na kungoja kuona kama wageni watarudi siku ya pili. Mara nyingine hofu huwa upande wa wenyeji: wazee wa msichana huona afadhali kumkubali kijana kuliko kumkataa Mtalai na kuyavuta maneno yake juu ya binti yao. Ndoa iliyokubaliwa kwa hofu nayo ina siri yake, kwa maana binti hataambiwa kwa nini wazee waliafikiana upesi namna ile.

Mahali pa pili ni kuzaliwa kwa mtoto. Katika desturi ya kurenet, wanawake wazima huwataja wafu wa jamaa mmoja mmoja, huku mtoto akinusishwa tumbaku kidogo. Apigapo chafya, jina lililotajwa wakati huo ndilo lake, na roho ya aliyekuwa na jina hilo husadikiwa kuwa imerudi. Kwa jamaa inayojificha, orodha hiyo ya majina ni ushahidi. Nyanya anayetaja majina ya wafu wa Talai anaufungua mlango ambao baba wa mtoto ameufunga. Asipoyataja, anawanyima wazee wake mahali pa kurudi. Hakuna mwanamke aliyelelewa katika imani hiyo awezaye kuchagua kati ya mambo hayo mawili bila kutetemeka.

Mahali pa tatu ni mnyama wa ukoo. Kila oret ina mnyama wake, na mnyama wa Talai ni simba. Neno moja la mtoto shuleni juu ya simba laweza kuwafumbulia wengine mambo. Hivyo mtoto hufundishwa kunyamaza bila kuelezwa sababu, na mtoto aliyekatazwa kusema asichokielewa hujitungia maelezo yake mwenyewe, ambayo mara nyingi huwa ya kutisha kuliko ukweli.

Dini mpya na majina ya ubatizo yalisaidia kidogo. Mtu aliyeitwa Yohana au Maria, mwenye jina la baba la kawaida, aliweza kupita. Lakini kupita si kukaa. Siri ya aina hii haimlindi mtu na jirani tu. Humtenga pia na watoto wake. Mzazi aliyetaka kuwaepusha watoto na aibu aliwanyima vilevile habari ya uonevu, na hivyo wakarithi hofu bila kurithi historia yake.

7. Hofu na Heshima baada ya Uhuru

Mtu angetarajia kwamba hofu hiyo ingefifia kadiri shule na hospitali zilivyoenea. Haikuwa hivyo hasa, ilibadilika sura. Wanasiasa wa Bonde la Ufa wameendelea kutafuta baraka za wazee wa Talai. Mwezi wa Juni 2020 William Ruto, aliyekuwa wakati huo Naibu wa Rais, alifika Kapsisiywa, Nandi, akafanyiwa ibada na wazee hao. Mwaka 2022 alichaguliwa kuwa Rais wa Kenya. Wako walioyaunganisha mambo hayo mawili, na wako waliocheka.

Ilivyo ni kwamba ukoo uleule ambao mkubwa huutembelea kwa msafara wa magari ndio ambao mtu mdogo huogopa kuutaja anapokwenda kuposa. Hakuna ukinzani hapo. Anayeamini kwamba Mtalai aweza kumfikisha mtu Ikulu anaamini vilevile kwamba Mtalai aweza kumharibia mtu ndoa. Heshima inayotolewa jukwaani na hofu inayonong'onwa jikoni zina mzizi mmoja, na katika zote mbili Mtalai wa kawaida, asiye na utabiri wala fimbo, haonekani. Anachukuliwa kuwa chombo cha uwezo. Hachukuliwi kuwa mtu aliyenyang'anywa.

8. Hitimisho

Katika miaka ya karibuni habari hizi zimeanza kusemwa hadharani. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitolewa mwaka 2013. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliyaangalia madai ya Wakipsigis na Watalai kuhusu ardhi ya Kericho, na malalamiko ya watu zaidi ya 100,000 yakapelekwa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2022 shauri lilipelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu dhidi ya Uingereza.

Madai hayo yameleta jaribu lisilotazamiwa. Anayedai fidia kwa sababu ya Gwassi hana budi kwanza kusema kwamba yeye ni Mtalai, na kutaja baba, babu na mahali walipotolewa. Majina yaliyofichwa katika kurenet sasa yanahitajika katika hati ya kiapo. Mzee aliyewaambia wanawe kwamba wao ni wa ukoo mwingine analazimika ama kuwafunulia uongo wake, ama kuiacha haki yao ipotee pamoja naye. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Jamaa zilizoficha ukoo ili watoto wapate kuishi zimeona mwishowe kwamba kwa kuficha huko watoto hao wamekosa cha kurithi.

Kazi ya historia katika jambo hili si kuthibitisha wala kukanusha kwamba Kimnyole aliiona treni kabla haijaja. Kazi yake ni kuonyesha mahali ambapo fumbo linakomea na uonevu unapoanzia. Utabiri wa nyoka wa chuma ni fumbo, na kila mtu ana hiari ya kuliamini. Sheria ya 1934 si fumbo: ilitungwa na watu wenye vyeo, ikatekelezwa na askari, ikawapata watu wenye majina. Maadamu mambo hayo mawili yamechanganywa, Mtalai wa Kapsoit au wa Kericho ataendelea kuogopwa kwa asilolifanya na kusahauliwa kwa alilofanyiwa. Yakitenganishwa, huenda siku moja mzee akaulizwa ukoo wake mbele ya wakwe, akautaja kwa sauti yake ya kawaida, na mazungumzo ya mahari yakaendelea.